Siku Niliyomwekea Mzee wa Kanisa Kwato

Wacha niwaambie mwenyewe, kwa sababu mkingoja kusimuliwa na watu wa Kitengela mtaambiwa kwamba na mkia ulionekana, na mkia haukuwepo. Kwato zilikuwepo. Zilikuwa ukutani mwa kanisa, nyeupe, ndefu kuliko mlango, watu zaidi ya mia mbili wakiziangalia, na aliyeziweka pale ni mimi Wafula, mpiga eksirei mwenye shahada moja na nusu (ile nusu ndiyo iliyoniponza), ambaye mpaka asubuhi ile nilikuwa natembea mjini nikijiona nimebuni kitu ambacho watu wangevuka bahari kuja kukiona. Nina aibu, sikatai. Lakini niacheni niieleze vizuri, maana hii si aibu ya mtu asiyejua kazi, ni ya mtu aliyeijua sana kisha akaharakisha.

Hospitali ninayofanya kazi ni ndogo na mashine yetu ya eksirei ni ile ya kawaida: unalaza mguu, unapiga, unapata picha moja bapa, mifupa yote imelaliana kama nguo kwenye beseni. Ukitaka kuuona mfupa mzima, mbele na nyuma na ndani, unahitaji CT scan, ile mashine kubwa ya mviringo inayomzunguka mgonjwa ikipiga mamia ya picha, halafu kompyuta inazijumlisha na kukuundia umbo. Sisi hatuna. Mtu akianguka kule kwenye machimbo ya mawe akaumia kisigino tunamwandikia barua aende Nairobi, na barua nyingi huishia mfukoni. Sasa mimi, katika masomo yangu ya jioni, nikaandika programu. Unapiga picha tisa tu kwa mashine ya kawaida, kila moja kutoka pembe yake, na programu inakuundia umbo la mfupa, unaligeuza kwenye skrini upendavyo. Tisa badala ya mamia! Niambieni nani kati yenu hangetembea kifua mbele.

Ujanja wake ni huu (nitausema kwa ufupi, msikimbie). Ni kama kutaka kujua nyumba ya mtu ilivyo ndani kwa kuchungulia madirishani. Ukichungulia madirisha mia, hakuna siri. Ukichungulia tisa, kuna kona hutaziona, lakini kama umeshaingia nyumba nyingi unajua kochi huwa linaangalia televisheni, kwa hivyo unakisia, na mara nyingi unapatia. Programu yangu nayo ilihitaji kuingia nyumba nyingi, yaani ionyeshwe mifupa mingi mizima ndipo ijue kukisia. Lakini mifupa ya watu haipatikani ovyo. Ina barua, ina vibali, ina kamati inayokaa na kuahirisha. Miguu ya binadamu niliyoruhusiwa kutumia ilikuwa sita. Miguu ya mbuzi, ndugu zangu, haina kamati.

Kule Kiserian kuna mwenye bucha aliyekuwa akiniwekea miguu ya mbuzi kwenye gunia, na Nairobi nina rafiki anayefanya kazi kwenye CT scan ya wanyama. Basi nilikuwa nampelekea gunia, tunaipiga picha miguu mmoja mmoja na kwato zake, narudi nayo nyumbani, na jioni inaishia sufuriani. Mwaka ule nilikunywa supu mpaka majirani wakaniuliza kama nimeoa. Programu nayo ikashiba. Ikajifunza mfupa ni nini, ulivyo mgumu nje na mwepesi ndani, na unavyokutana na mwenzake. Nilipoijaribu kwa ile miguu sita ya watu, kwa picha tisa tisa, ikatoa sawasawa kabisa, nikasema kwisha maneno.

Ambaye hakuridhika ni Mama Simaloi. Huyu ndiye mkuu wetu wa eksirei, mama wa Kimaasai kutoka Kajiado mjini, aliyeanza kazi enzi za kuanika filamu zikauke, na yote ninayoyajua kuhusu kumlaza mgonjwa bila kumuumiza nimefundishwa na yeye. Asubuhi ananisalimia "Sopa", ninajibu "Ipa" kwa lafudhi yangu ya Bungoma anacheka, halafu anaangalia skrini yangu anaacha kucheka.

"Wafula," aliniambia siku moja, "hii kitu yako imekula mbuzi mingi sana."

"Mfupa ni mfupa, Mama," nikamjibu. (Ndiyo, nilisema hivyo, kwa kinywa hiki hiki.)

Sasa mjueni na Mzee Gathogo. Ni mwenyekiti wa kamati ya hospitali yetu, ana shamba, ana machimbo ya mawe, na ni mmoja wa wazee wa kanisa tangu kanisa lenyewe likiwa mabati manne na mti wa kutundikia kengele. Alikuja Kitengela kutoka Murang'a akiwa kijana. Ni mtu wa maneno machache na suti ya kijivu, na watu walikuwa wakisema ana mambo. Mnajua tunavyosema mtu "ana mambo" huku tukishusha sauti. Kwamba mali ile si ya hivi hivi. Kwamba hajawahi kuonekana bila viatu na soksi, hata nyumbani kwake, na kanisa likiwa na ibada ya kuoshana miguu yeye hubeba beseni na maji, kuketi aoshwe haketi. Wengine walikuwa wanamtaja shetani waziwazi. Na Jumapili iliyokuwa inakuja washirika walikuwa wamchague mwenyekiti wa wazee, kitu ambacho Mzee Gathogo alikitamani kuliko kingine chochote, na kila mtu alijua kwamba kama kuna kitakachomwangusha ni hiyo minong'ono.

Kwa hivyo Jumamosi, siku moja kabla ya uchaguzi, akaandaa siku ya matibabu ya bure hapo hapo kanisani. Hema, viti, chai, madaktari wa meno, na sisi wa eksirei na mashine yetu ndogo ya kubebeka. Tukaiweka kwenye ofisi ya mchungaji, ambayo mlango wake unafungukia ndani ya kanisa, nami nikavuta waya mrefu mpaka kwenye projekta ili picha zionekane ukutani (hilo lilikuwa wazo langu, msimtafute mwingine). Shida ikawa moja: watu waliogopa. Kuna aliyesambaza habari kwamba miale inakausha uzazi, na laini yetu ikawa tupu kabisa huku kwa meno watu wanasukumana.

Mzee Gathogo akaja anachechemea. Alikuwa ameteleza kwenye machimbo yake majuma mawili nyuma na hakumwambia mtu.

"Daktari, anza na mimi," akasema (watu hunipa cheo cha daktari, nami sijawahi kukirudisha). "Hii mguu inanisumbua. Na uonyeshe watu wote hapo kwa ukuta. Wakiona niko sawa, watakuja."

Nikafurahi sana. Nikamwambia avue kiatu, akakivua. Nikamwonyesha soksi.

"Soksi haitoki."

"Mzee, soksi pia itoke," Mama Simaloi akamwambia kwa upole. "Mguu inaangaliwa na macho kwanza, mashine baadaye."

Mzee akaivuta soksi juu zaidi. Na mimi hapo nikaingilia kwa sauti ya mtaalamu: "Haina neno, Mama. Soksi haizuii eksirei." Jambo ambalo ni kweli. Ndiyo shida yangu siku ile, nilikuwa nasema mambo ya kweli tangu asubuhi.

Nilikuwa na kibao cha mbao alichonichongea fundi, chenye alama tisa, unaweka mguu katikati na kuisogeza mashine kutoka alama moja hadi nyingine. Nikapiga ya kwanza. Mama Simaloi akaiangalia kwenye skrini, akasogea karibu. "Wafula, kuja uone hii. Kuna kitu hapa." Nikamwambia nakuja. Nikapiga ya pili, ya tatu. Mguu wa mzee ulikuwa unatetemeka kwa maumivu, na kule kanisani mchungaji alikuwa na kipaza sauti: "Daktari wetu, tuko tayari! Kwaya imeimba mpaka imemaliza!" Nikapiga ya nne. Nikatazama zile alama tano zilizobaki, nikasikia watu wanapiga makofi ya kuniita, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo kuliko yote niliyowahi kufanya.

"Zinatosha," nikasema.

"Ulisema tisa," akasema Mama Simaloi.

"Programu itajaza."

"Itajaza na nini?"

Nilikuwa nimeshatoka mlangoni.

Wapendwa, nilivyokishika kile kipaza sauti hamngedhani nilizaliwa na wazazi wanyamavu. Programu huunda umbo polepole, kuanzia nyuma kuja mbele, na kisigino kilipotokea pale ukutani, cheupe, kinazunguka chenyewe, kanisa zima likasema aaah. Nikaupa ukuta mgongo ili niwaangalie wasikilizaji wangu, nikaanza kueleza: kwamba huu ndio mguu wa mwenyekiti wetu, kwamba kila mnachokiona ni yeye mwenyewe alivyoumbwa, kwamba mashine haijui kusema uongo (lo!), kwamba huko ng'ambo wanahitaji mamia ya picha na hapa Kitengela tumetumia nne, nne tu, na nyuso zao zikaanza kubadilika, macho yakawatoka, nami nikadhani ni uzuri wa sayansi, nikaongeza sauti.

"Ngai fafa!" akalia mama mmoja wa kwaya, akimwita Mungu kwa Kikuyu.

"Asante, mama," nikamwambia.

Halafu mtu akasema "Ushindwe!" na mwingine "Ushindwe kwa jina la Yesu!" na kiti kikaanguka, na nikageuka. Kisigino cha binadamu, kizuri kabisa. Kifundo cha binadamu. Na mbele yake, mahali pa vidole, kwato. Mbili, zimepasuka katikati, safi, zenye ncha, za mbuzi wa Kiserian aliyelishwa vizuri.

Mtu mwenye akili angezima. Mimi nikataka kueleza. Nikapiga kelele kwenye kipaza sauti: "Msiogope! Ni mbuzi!" Nikasikia mtu anauliza, "Mzee ni mbuzi?" Nikasema, "Hapana, namaanisha programu imezoea mbuzi!" jambo lililowafanya wa mbele wasogee nyuma na wa nyuma watoke. Nikabonyeza kitufe cha kuliondoa lile umbo, vidole vyangu vikakosea, badala ya kuondoka likajikuza maradufu na kugeuka, zile kwato zikawa zinakuja moja kwa moja kwa washirika. Mpiga ngoma akaipita ngoma yake. Mchungaji akaninyang'anya kipaza sauti na kuanza kukemea, sijui alikuwa anaikemea picha au ananikemea mimi. Mwisho nikaukamata ule waya, nikauvuta wote kwa nguvu zangu, ukuta ukabaki mtupu.

Na hapo sauti ya mwanamume ikatoka nyuma: "Si tulisema? Ndiyo maana hatoi soksi."

Hakuna aliyecheka wala aliyemnyamazisha. Nikamwona Mzee Gathogo amesimama kwenye mlango wa ofisi, mguu mmoja una kiatu, mwingine una soksi, na ni hapo tu nilipoelewa nilichomfanyia. Kwa miaka yote watu hawakuwa na ushahidi, na mimi ndiye niliyewaletea, na mashine ya hospitali, na maneno yangu kwamba haijui kusema uongo.

"Wacha atoe basi," ile sauti ikasema. "Kama hakuna kitu."

Nilitaka kusema mzee asivue chochote. Mzee akachechemea mpaka mbele, akavuta kiti cha plastiki, akaketi akitazama watu. Mke wake, Mama Wanja, akainuka kutoka safu ya akina mama na kumwita kwa Kikuyu, kwa sauti ya kumsihi, yeye akatikisa kichwa tu. Akavua soksi. Akavua na kiatu cha mguu wa pili, na soksi yake.

Vidole vilikuwa vimeliwa. Viwili vimebaki nusu, vingine vimepinda na kushikana, kucha hakuna.

"Hii ni funza," akasema. Hakuhitaji kipaza sauti. "Mama yetu alikuwa mgonjwa, na sisi tulikuwa tunalala kwa vumbi, hakuna mtu wa kututoa. Shuleni nilikuwa natembea na magoti. Nilipopata viatu vya kwanza nilisema hakuna mtu ataona hii miguu tena. Watoto wangu hawajaona." Akainyoosha miguu mbele yao. "Sasa mmeona. Kuna kwato hapo?"

Yule mama wa kwaya alikuwa analia kwa sauti. Mama Wanja akaja, akapiga magoti na kuanza kumrudishia soksi, mguu mmoja kisha wa pili. Aliyekuwa na sauti kule nyuma hakupatikana. Na mimi nilisimama pale na waya mkononi, daktari wenu.

Mkitaka hesabu yake, ni rahisi. Picha tisa zingeibana programu, isingekuwa na nafasi kubwa ya kudanganya. Nne zilikiona kisigino vizuri, lakini pale mbele, kwenye vidole vifupi vilivyolaliana, hazikuona kitu cha kueleweka, na programu haikuwahi kukutana na vidole vya namna ile maishani mwake. Ikatafuta katika yote iliyoyazoea kitu kifupi, kinene, kilichoshikana, ikakipata gunia zima. Mama Simaloi aliniuliza itajaza na nini, na jibu lilikuwa kwenye sufuria yangu.

Jumapili mikono ikapanda kanisa zima, Mzee Gathogo akawa mwenyekiti wa wazee. Nilifurahi, nikajiambia kumbe yameisha vizuri. Baada ya ibada nikamfuata kwenye gari lake, nikamwamkia, nikamwomba msamaha, nikamwambia na kumpongeza nampongeza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kijana wangu," akasema, "kwato ulitoa kwa ukuta kwa kuvuta waya. Hivi vidole vyangu nitavitoa kwa macho ya watu na waya gani?"

Nilirudi nyumbani nikafungua programu mchana ule ule. Msinielewe vibaya, ni programu nzuri, bado nasema hivyo na nitasema mbele ya yeyote. Lakini niliiandika ikiwa na tabia yangu, ya kutokubali kuonekana haijui. Nikaibadilisha: mahali ambapo picha hazikufika, isijaze kitu, iache giza. Umbo likawa na matundu, bovu kwa macho. Nikaliacha hivyo. Na nikaapa, nanyi ni mashahidi, kwamba picha ya mtu ataiona yeye mwenyewe kwanza, pazia likiwa limefungwa, na ukuta wa kanisa nitauachia wenye kanisa.

Jumatatu Mzee akaja hospitali. Kabla sijamwambia karibu, Mama Simaloi akaniwekea mbele ile picha ya kwanza ya Jumamosi, ile bapa ya kawaida, na kuniwekea kidole kwenye kisigino. Ufa ulikuwa pale, umenyooka, hata mtu asiyesoma angeuona. Picha moja ilitosha kujua mzee anaumwa nini, na alikuwa ameniita nije nione.

Tulimlaza. Hakusubiri kuambiwa kuhusu soksi. Nikapiga zote tisa bila kuruka alama, Mama Simaloi akafunga pazia, nikamgeuzia Mzee skrini, yeye peke yake. Nikamwonyesha ufa na jinsi unavyozunguka kisigino kwa ndani, nikamweleza atafungwa plasta na hatapasuliwa. Akaitikia. Kisha akasogeza uso karibu na kioo, pale mbele, kwenye vidole, ambapo hata picha tisa hazikuweza kuvitenganisha vyote.

"Hapa mbona kuna giza?"

"Hapo sijui, mzee," nikasema. "Hapo picha hazikuona vizuri."

Akaweka kidole juu ya lile giza.

"Si ungesema hivyo Jumamosi," akasema.

"Ndiyo, mzee," nikamjibu. "Ningesema."